Wavuvi wa Lofoten na Haki ya Bahari

Kaskazini ya mbali ya nchi ya Norway, ng'ambo ya duara la Aktiki, iko safu ya visiwa vya milima mikali iitwayo Lofoten. Na huko, kila mwaka tangu Januari hata Aprili, theluji ingali imefunika mapaa na jua la machipuko halijapata nguvu, huja makundi makubwa ya samaki aitwaye skrei, akitoka Bahari ya Barents kutaga mayai katika maji ya Vestfjorden. Kwa kuwa mkondo wa maji ya uvuguvugu utokao Atlantiki huizuia bahari ile isigande, wavuvi wameweza kumfuata samaki huyo kwa mashua tangu zama za kale, na yasimuliwa kuwa yapata mwaka 1120 Mfalme Øystein aliamuru vijengwe vibanda huko Vågan, ili wageni waliokuja kuvua wapate pa kujisitiri usiku.

Neema kubwa ya Lofoten, walakini, si samaki peke yake, bali ni baridi yenyewe. Skrei akishakatwa kichwa na kutolewa matumbo, hufungwa wawili wawili kwa mikia, akaning'inizwa juu ya chanja za miti zilizo wazi kwa upepo, naye hukaa hapo mpaka Mei, bila chumvi wala moshi, hata uzito wake ukabaki takriban sehemu moja katika tano na mwili wake ukawa mgumu kama gogo la mkoko. Kazi hii yataka baridi ya kadiri: ikizidi ukali, barafu huipasua nyama; ikiondoka upesi, nzi humwahi samaki kabla hajakauka; na mwisho wa majira ya baridi hewa ya visiwa vile aghalabu huwa karibu na sifuri, joto lisiwepo na barafu isitawale. Samaki aliyekaushwa hivyo hudumu miaka, na kwa sababu hiyo alisafiri mbali kuliko wale waliomvua. Tajiri mmoja wa Venice, Pietro Querini, ambaye chombo chake kiliangamia na mawimbi yakamtupa karibu na kisiwa cha Røst mwanzo wa mwaka 1432, alikirimiwa na wavuvi wa huko hata Mei, akaandika habari zao na za samaki wao. Na hata leo Italia ni mnunuzi mkubwa wa samaki huyo, ilhali vichwa vilivyokaushwa huuzwa kwa wingi Nigeria.

Lakini aliyevua siye aliyetajirika. Tangu karne ya 14 matajiri wa Kijerumani wa Umoja wa Hansa walikuwa na maghala yao mjini Bergen, na mvuvi wa kaskazini, ambaye ardhi yake haikutoa nafaka ya kutosha, alikopeshwa unga na zana kwa ahadi ya kuleta samaki, kwa bei iliyotajwa na mkopeshaji. Hivyo deni la mwaka huu likazaa deni la mwaka ujao, na mtu akafungwa kwa tajiri mmoja umri wake wote.

Na bei ya riziki hiyo ililipwa pia kwa roho za watu. Walivua kwa mashua zisizo na sitaha, zenye tanga moja la mraba, na kusi au magharibi ikivuma ghafula pamoja na theluji, pwani hupotea machoni. Februari 1849 dhoruba moja iliangamiza mamia yao. Husimuliwa kwamba mashua ilipopinduka, mabaharia walichomeka visu vyao katika mbao za mkuku wapate pa kushika, na visu vilivyokutwa baadaye vimekwama vilitambulisha ni nani waliozama.

Juu ya hatari hiyo, sheria ya 1816 iliigawa bahari vipande vipande na kuviweka chini ya wenye milki za vituo vya pwani, hata mvuvi akalazimika kupanga kwa mwenye kituo ili apate kuvua mbele yake. Ilipofika 1857 sheria nyingine ikaiondoa milki hiyo, bahari ikawa huru kwa wote, na Serikali ikaweka wasimamizi wake: asubuhi bendera ilipandishwa, na hakuna mashua iliyoruhusiwa kuondoka kabla ya ishara hiyo, asije mwenye haraka akawatangulia wenzake.

Uhuru huo ulijaribiwa mwezi wa Machi 1890, pale wenye meli za moshi walipofunga mlango wa hori nyembamba ya Trollfjord kwa juya, wakadai samaki wote waliokuwamo. Wavuvi wa mashua walizivamia nyavu kwa makasia, wakapigana mpaka wakaingia. Na Bunge, badala ya kuwahukumu, baadaye likapiga marufuku juya katika uvuvi huo. Sheria ya 1897 ikaendelea kuwapa wavuvi, kwa kamati walizochagua wenyewe, uwezo wa kupanga mahali pa kila zana na saa za kuvua.

Palibaki jambo moja, nalo ni bei. Mwaka 1938 ilitungwa sheria iliyowapa wavuvi, kupitia chama chao cha mauzo, haki ya kuidhibiti bei ya kwanza ya samaki, na mnunuzi akakatazwa kununua nje ya chama hicho. Ndipo ile desturi ya mnunuzi kumtajia mvuvi bei, iliyodumu karne nyingi, ilipokatika. Basi asidhani mtu kwamba bahari yenye samaki wengi humtajirisha mvuvi. Neema ni ya Mungu, lakini bei hupangwa na watu, na mvuvi asiyekaa katika baraza la wapangaji atabaki mdeni hata nyavu zake zikijaa.