Guadix, muji wa nyumba za kuchimba



Katika kila mukutano wetu swali linarudia: mutu akirudia kwao na kukuta nyumba yake iko na wengine, afanye je? Leo tuangalie muji wa Guadix, kusini mwa Hispania, karibu na milima ya Sierra Nevada. Kule watu wanaishi ndani ya mapango mpaka leo.

Si mapango ya nyama wa pori, hapana. Ni nyumba zilizochimbwa na mikono ndani ya udongo wa kilima. Mbele kuko mulango na ukuta wa chokaa. Juu ya kilima linatokea bomba jeupe la moshi. Ndani joto linabakia karibu digrii 18 mpaka 20, jua likiwaka ao baridi ikipiga. Jamaa ikiongezeka, wanachimba chumba kingine.

Waarabu waliuita muji huu Wadi Ash. Mwanafalsafa Ibn Tufayl alizaliwa kule mwanzoni mwa miaka ya 1100. Lakini mwaka 1489 wafalme Wakristo, Isabel na Fernando, waliukamata. Mwaka 1490 Waislamu wakatolewa ndani ya kuta. Wengi wakakaa pembeni, na njo wanahistoria wengi wanasema vile mapango yaliongezeka.

Waliobatizwa kwa nguvu, Wamorisko, waliasi mwaka 1568. Walishindwa, wakatawanywa mbali, nyumba na mashamba yao yakapewa watu wengine waliotoka kaskazini. Kati ya 1609 na 1614 wakafukuzwa Hispania yote. Wengi hawakuona tena kwao.

Mapango yakabakia na maskini, na watu wa katikati ya muji wakawazarau. Mwanzo wa miaka ya 1900 padri Pedro Poveda akaenda kwao, akafungulia watoto wao masomo. Leo kuko mapango karibu 2.000, yenye maji na umeme. Watalii wanalipa ili walale mule!

Tunashika mambo mawili. Anayelala leo chini ya hema ao ndani ya udongo, tusimucheke. Tena, nyumba iliyochukuliwa hairudi kwa sababu tu miaka imepita. Njo maana tunawaomba: karatasi za parsele, mipaka, majina ya mashahidi, tuviandike sasa, wazee wetu wangali hai.