Bakteria ana namba, mama aliyemtoa hana jina

Ukitolewa gego la mwisho, lile linaloota ukubwani, linabaki shimo na kidonda cha kukunyima usingizi. Huko Sweden watafiti waliwapa wagonjwa wa aina hiyo vidonge vya kumung'unya vyenye bakteria wazuri, yaani probayotiki. Sasa ishu ni hii: bakteria hao walitoka kwenye miili ya watu, na watu wenyewe hawatajwi popote.

Stori inaanzia mbali. Mwaka 1905 Stamen Grigorov, kijana wa Bulgaria aliyekuwa Geneva, alimgundua bakteria anayegandisha maziwa ya kwao. Metchnikoff wa Taasisi ya Pasteur, Paris, akaidaka hiyo na kuhubiri kwamba maziwa mgando yanarefusha maisha. Hawa wawili wamo vitabuni mpaka leo. Kina mama wa Bulgaria waliokuwa wakigandisha maziwa hayo miaka nenda rudi? Hawamo.

Ikaja 1990. Mama mmoja wa Peru, mkazi wa milima ya Andes, alikuwa ananyonyesha. Kwenye maziwa yake mwanasayansi Ivan Casas akampata bakteria aliyeitwa wakati huo Lactobacillus reuteri. Baadaye wataalamu wakamwondolea vinasaba vilivyomfanya asidhurike na baadhi ya antibayotiki, likapatikana toleo jipya. Bakteria wa pili alitoka mdomoni mwa mwanamke wa Japani mwenye kinywa safi kabisa. Wakaunganishwa kwenye kidonge kimoja.

Je, kidonda kilipona haraka? Hapo tusidanganyane. Kwenye utafiti ule wa Sweden, madaktari walipokagua vidonda hawakuona tofauti ya maana. Ila waliomung'unya vidonge vyenye bakteria walisema uvimbe ulikuwa nafuu na usingizi haukukatika sana. Si haba, lakini anayekuuzia probayotiki kama tiba ya vidonda vya mdomo anakupanga. Kidonda kikipita wiki mbili hakijapona, nenda kwa daktari wa meno.

Yule bakteria wa Andes leo anajulikana maabara za dunia nzima kama DSM 17938, na anauzwa. Bakteria kapewa namba, mama kaishia kuitwa "mama wa Peru".

Wapo watakaosema siri ya mtu lazima ilindwe, na ni kweli. Ila kulinda siri ya mtu na kumsahau ni vitu viwili tofauti. Wewe unaonaje, mama huyu alistahili chochote? Tiririka hapo chini.