Maji ya Tabora: Kutoka Vibuyu vya Wapagazi hadi Bwawa la Igombe

Historia ya Tabora imeandikwa mara nyingi kwa majina ya watemi, wafanyabiashara na wasafiri mashuhuri. Ni mara chache imeandikwa kwa maji. Hata hivyo kila aliyefika katika mji huu, awe mpagazi, mmisionari au mjenzi wa reli, alikuwa na swali moja lililotangulia mengine yote: maji yako wapi?

Swali hilo ndilo lililoongoza njia ya misafara. Kutoka Bagamoyo misafara ilipita Ugogo, ikavuka pori la Mgunda Mkali, ikaingia Unyamwezi kupitia Tura. Palipokuwa na umbali mkubwa kati ya maji na maji, wapagazi walijaza vibuyu, wakaondoka alasiri, wakalala njiani pasipo kisima, na asubuhi yake wakawahi mahali pengine penye maji. Mwendo huo waliuita tirikeza. Na wale waliopelekwa pwani wakiwa mateka waliionja kiu hiyohiyo, pasipo hiari yao.

Ndiyo maana Unyanyembe palikuwa mahali pa kupumzika. Burton na Speke walifika hapa tarehe 7 Novemba 1857. Livingstone alikaa Kwihara mwaka 1872. Wenyeji waliishi kwa visima vifupi vilivyochimbwa mabondeni. Lakini Tabora haina ziwa, na mvua zake huanza Novemba na kwisha Aprili. Katika miezi ya kiangazi visima vilipungua, na mzigo wa kutafuta maji uliwaangukia zaidi akina mama na mabinti.

Reli ya Kati ilipofika mwaka 1912, mahitaji yaliongezeka, kwa kuwa hata garimoshi la mvuke lilihitaji kunywa. Mwaka 1916 majeshi ya Ubelgiji yaliuteka mji, na baadaye utawala ukawa wa Waingereza. Mji ulizidi kukua, na visima peke yake havikuweza tena kuutosheleza. Ukaanza kutegemea mabwawa: Kazima, lililo karibu na mji, na kisha Igombe, lililojengwa katika miaka ya 1950 kiasi cha kilomita 20 kaskazini.

Wazo la bwawa ni jepesi kulieleza: kuyazuia maji ya masika yasiende zake, ili yanywewe wakati wa kiangazi. Tuta huukinga mto Igombe, na maji yanayozidi hupewa njia yake ya kutokea ili yasilibomoe. Maji ya kunywa hutiwa shabu ili tope lizame, huchujwa, hutiwa klorini ya kuua vijidudu, kisha husukumwa kwa pampu hadi mjini. Hivyo kwa miongo mingi mkazi wa Tabora aliyefungua bomba mwezi wa Septemba alikunywa mvua ya Februari.

Bwawa likawa pia mahali pa faraja. Wavuvi hutafuta riziki humo, na wapenda matembezi huenda kupumzika kandokando ya maji, wakitazama ndege na miti ya miombo. Katika nchi kavu, eneo pana la maji ni furaha ya macho.

Lakini miaka ya mvua haba kina kilishuka, na maji ya bomba yakatolewa kwa mgao. Mji nao haukungoja: sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 226,999 katika manispaa, na ile ya mwaka 2022 ilionyesha zaidi ya 300,000. Mwanzoni mwa miaka ya 2020 mradi uliogharimiwa kwa mkopo kutoka India ulileta maji ya Ziwa Victoria hadi Tabora, Nzega na Igunga. Mwezi Julai 1858 Speke aliondoka Tabora kwenda kulitafuta ziwa hilo, akaliona tarehe 3 Agosti. Ziwa alilolifuata kwa wiki zaidi ya tatu sasa hufika mjini lenyewe, ndani ya bomba.

Hapo pana jambo la kustaajabisha. Maji ya Igombe hushuka Malagarasi, huingia Ziwa Tanganyika na mwisho wake ni mto Kongo. Maji ya Ziwa Victoria ni ya mto Nile. Mji mmoja umekunywa mito miwili mikubwa ya Afrika.

Je, baada ya kupata ziwa, bwawa lisahauliwe? Hapana. Bomba refu laweza kupasuka, na pampu za mbali zaweza kukosa umeme. Kisichoweza kurudishwa upesi ni bwawa lililojaa tope. Miti inapokatwa kwa ajili ya mkaa na kukaushia tumbaku, na mashamba yanapofika ukingoni mwa mito, kila mvua hubeba udongo na kuushusha bwawani. Bwawa halifi kwa siku moja. Hufa kikombe kwa kikombe.

Tunaoadhimisha miaka mia moja twajua maana ya kunywa katika kisima tusichokichimba. Waliolijenga tuta la Igombe wengi wao hatuwajui kwa majina. Shukrani yetu kwao si maneno, bali ni miti iliyosimama juu ya mto, ili watakaosoma kitabu hiki baada ya miaka mia mingine nao wakute maji.