Juma Moja Mabawe, Siku Moja Rusumo



Mhariri ameniomba niandike habari za historia ya upande wetu wa Ngara kwa kuwa, kwa maneno yake, kurasa za gazeti hili zimejaa habari za Bukoba na Karagwe kana kwamba historia ya mkoa mzima inaishia Kyaka. Nimekubali kwa furaha, lakini nimejikuta nina deni la kulipa kwanza. Wale tuliosoma pamoja huenda wanakumbuka kwamba mwaka 1997, tukiwa Kidato cha Tatu, insha yangu moja ilibandikwa kwenye ubao wa matangazo karibu na bwalo. Ilihusu safari ya kwenda kuona maporomoko ya Rusumo. Mwalimu wetu wa historia alinipa alama 17 kwa 20 akanisifu mbele ya darasa. Insha ile ilikuwa na kasoro ambayo mwalimu hakuwa na njia ya kuijua. Makala hii ni masahihisho yake, nayo yamechelewa sana.

Likizo ya mwezi wa Juni mwaka huo nilikuwa nyumbani Mabawe. Walikuja wamisionari wawili wazee, mtu na mkewe, Waaustralia waliokwisha kustaafu kazi kwao, wakakaa kwetu juma moja tu. Majina yao siyataji, maana hawakuwa watu wa kutangazwa magazetini na wala hawakutaka kuwa. Bwana alikuwa fundi wa mabomba. Bibi alikuwa muuguzi. Walikwisha kupita miaka sabini, na watoto wa kijiji walishangaa kumwona mzee wa umri ule akipanda ngazi mwenyewe hali vijana wapo.

Kazi yao haikuwa kubwa, na nadhani ndiyo maana ilifaa. Jumatatu mpaka Jumatano Bwana alifunga mifereji ya bati pembezoni mwa paa la kanisa, akaielekeza kwenye tangi la kuvuna maji ya mvua lililokuwa limekaa tupu kwa sababu aliyelileta hakuleta mifereji. Bibi alikaa chini ya mti akiosha na kufunga vidonda vya watoto, na mchana aliwapimia wazee miwani kutoka katika sanduku moja lililojaa miwani iliyokwisha kutumika. Nilimwona mama mmoja akivaa miwani, akaitazama mikono yake mwenyewe, akacheka mpaka akakaa chini.

Mimi niliteuliwa na mchungaji kuwa mkalimani. Wageni walisema Kiingereza, wazee wetu wengi walisema Kihangaza, na katikati alisimama kijana wa miaka kumi na saba mwenye Kiingereza cha Kidato cha Tatu na majivuno ya Kidato cha Sita. Malipo yangu yalikuwa chai ya maziwa na mkate wa siagi kila asubuhi, na sikulalamika.

Kijana wa leo anaweza kuuliza: Waaustralia walitokea wapi mpaka Ngara? Jibu lipo. Mwaka 1927 ilianzishwa Dayosisi ya Kanisa la Anglikana ya Central Tanganyika, na askofu wake wa kwanza, George Chambers, alitoka Australia. Chama cha kimisionari cha Kanisa lake huko kikachukua jukumu la sehemu kubwa za nchi, pamoja na pembe yetu hii ya magharibi. Ndipo zikaja shule, kama ile ya Katoke, na baadaye hospitali ya Murgwanza ambayo wengi wetu tulizaliwa au tulichomwa sindano ya kwanza. Ng'ambo ya Mto Kagera, huko Gahini nchini Rwanda, katika miaka ya 1930 ulizuka uamsho wa kiroho uliovuka mto bila kuuliza mpaka ni wa Mwingereza au wa Mbelgiji. Wakatoliki nao walikuwa na Rulenge, iliyofanywa jimbo mwaka 1960, na Askofu wake Christopher Mwoleka alijulikana nchi nzima kwa kwenda kuishi na kulima na wanavijiji wa Ujamaa. Dayosisi ya Anglikana ya Kagera yenyewe, yenye makao Ngara, ilizaliwa mwaka 1985, ikiongozwa na Askofu Christopher Ruhuza. Kwa hiyo wazee wale wawili walikuwa wakipita katika njia iliyokwisha kukanyagwa na wengi.

Na njia hiyo ina jambo moja ambalo vitabu vyetu vya shule hupita juu yake haraka. Kila mgeni aliyeandika habari za nchi hii alizisikia kwa mdomo wa mkalimani. Mwaka 1861 John Hanning Speke, akiwa na mwenzake James Grant, alipita Usui, upande wa Biharamulo ya leo, akielekea Karagwe kwa Mfalme Rumanyika. Speke alizungumza na Sidi Mubarak Bombay kwa Kihindustani. Bombay akayapeleka maneno kwa Kiswahili. Naye aliyejua Kiswahili akayafikisha kwa lugha ya wenyeji. Majibu yalirudi kwa ngazi hizo hizo. Kitabu kilichotoka London mwaka 1863 kinamwonyesha Mtemi Suwarora wa Usui kama mtu mwenye tamaa ya hongo isiyokwisha. Huenda alikuwa hivyo. Lakini hongo ilikuwa ushuru wa njia, na sijapata kusoma mahali ambapo Suwarora mwenyewe anaeleza kwa nini aliutoza. Maneno yake, kama aliyasema, yalipotea katika ngazi mojawapo.

Mwaka 1894 alikuja Mjerumani, Gustav Adolf von Götzen, aliyeanza safari yake Pangani na mamia ya wapagazi. Mwezi wa Mei alivuka Kagera karibu na Rusumo, akaingia Rwanda, akakutana na Mfalme Rwabugiri, akaendelea kuvuka bara zima mpaka pwani ya Atlantiki. Kitabu chake kikatoka mwaka uliofuata. Mtu huyo huyo ndiye aliyekuwa gavana wakati wa Vita vya Maji Maji. Hizi ndizo habari nilizozihifadhi kwa moyo ili niwaeleze wageni, maana Alhamisi ilipangwa iwe siku yao ya mapumziko, na walitaka kuyaona maporomoko.

Tulikwenda kwa Land Rover: dereva, Bwana na Bibi, mimi, na mzee mmoja mwinjilisti wa Mabawe ambaye mchungaji alisema ataijua njia. Njia haikuhitaji mtu wa kuijua. Baadaye ndipo nilipofahamu kwamba mzee mwenyewe ndiye aliyeomba kwenda.

Maporomoko ya Rusumo si marefu, ni kama mita 15 hivi, lakini maji ni mengi. Mto Ruvubu unakuwa umekwisha kuungana na Kagera karibu na hapo, na maji ya Burundi na ya Rwanda yanabanwa kwa pamoja katika mlango mmoja wa mawe. Tulisimama upande wetu, karibu na daraja la zamani, lile la gari moja moja. Nikatoa hotuba yangu. Götzen, 1894. Wabelgiji waliosonga mbele mwaka 1916 mpaka Biharamulo na kuingia Tabora mwezi wa Septemba. Bwana alipiga picha. Bibi alinisikiliza kwa adabu, kisha akaniambia nimuulize mzee, yeye anakumbuka nini mahali hapa.

Sina budi kueleza jambo ambalo wasomaji wa rika langu wanalijua. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, kwa muda wa saa ishirini na nne hivi, watu wanaokadiriwa kuwa 250,000 walivuka daraja lile wakiingia Ngara. Walikuwa wengi kuliko wenyeji wa wilaya nzima. Walikimbia mbele ya jeshi lililokuwa likisonga, na miongoni mwao walikuwamo watoto na vikongwe wasio na hatia, na walikuwamo pia waliotoka kuua. Pale mpakani walitakiwa kuacha silaha, na mapanga yalirundikwa kando ya barabara. Wakati huo huo, chini ya daraja, mto ulikuwa ukileta maiti za Watutsi waliouawa huko juu. Zilianguka na maji, zikaendelea mpaka Ziwa Victoria, na ndugu zetu wa Uganda wakazizika ufukweni, kama pale Kasensero.

Mzee alianza kusema kwa Kihangaza. Hakumtazama Bibi wala mimi; aliutazama mto. Alisema alikuja hapa siku ile kumtafuta shemeji yake aliyeolewa ng'ambo. Alisema alizihesabu maiti zikipita mpaka akaona kwamba kuhesabu ni dhambi. Alisema kijana mmoja alivuka daraja, akatupa panga lake katika rundo, akamjia yeye moja kwa moja akamwomba maji. Lugha ya kijana na ya mzee zinasikilizana. Kati yao hapakuhitajika mkalimani. Mzee alikuwa na kibuyu. Akampa. Kijana alikunywa, akashukuru kwa kupiga makofi kama tulivyofundishwa sote, akaenda zake. "Mpaka leo," alisema mzee, "sijui nilimpa nani maji."

Bibi akanigeukia. Na mimi, ndugu wasomaji, nikasema kwa Kiingereza: Mzee anasema watu wengi walivuka hapa, walikuwa na kiu, na watu wa Ngara waliwapa maji.

Bibi alitoa daftari lake dogo akaandika. Macho yake yalikuwa na machozi. Akaniomba nimwambie mzee kwamba Mungu atawalipa. Nikamwambia.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Kiingereza hakikunipungukia, maneno yote yale nilikuwa nayo. Nadhani niliona aibu, aibu ya mwenyeji ambaye mgeni ameingia sebuleni kabla hajafagia. Wazee wale walikuwa wametufungia mifereji na kutufungia vidonda. Sikutaka waondoke na mto wa maiti. Tena kisa cha maji nilichokitengeneza hakikuwa uongo mtupu. Watu wa Ngara walitoa maji kweli, na chakula, na mashamba yao yakaliwa na miti yao ikakatwa. Mama yangu mwenyewe alimlaza mwanamke na watoto wawili jikoni kwetu kwa majuma mengi. Lakini hayo siyo aliyoyasema mzee.

Tulirudi kwa barabara ya lami ya Lusahunga, tukapita Benaco. Kambi iliyokuwa mji mkubwa ilikuwa imebaki udongo mtupu, vipande vya nailoni na visiki, maana serikali iliagiza Wanyarwanda warudi kwao kabla ya mwisho wa Desemba 1996, na walirudi. Bwana aliuliza kama hapa palikuwa uwanja wa ndege. Nilimweleza. Mzee alikaa kimya njia nzima, na tuliposhuka Mabawe alinishika mkono akasema, "Kiingereza ni lugha fupi sana, mwanangu." Hakusema zaidi ya hapo.

Jumapili waliagwa kanisani kwa ngoma na mbuzi mmoja. Kiasi cha miezi mitatu baadaye ilikuja barua ya shukrani, nami nilikuwa shuleni, kwa hiyo aliisoma mtu mwingine. Nilisimuliwa kwamba Bibi alikuwa amewaeleza watu wa kanisa lake kisa cha maji ya Rusumo, nao wakachanga fedha za tangi la pili. Tangi hilo lilinunuliwa. Waliokuwapo wanasema mzee alipiga makofi pamoja na wengine.

Insha iliyobandikwa ubaoni iliandikwa muhula ule ule, na ndani yake mna Götzen, mna mita za maporomoko, mna watu wenye kiu. Ndiyo iliyopata 17.

Nilipokuwa chuo kikuu nikisoma habari za akina Speke, nilijaribu kuwahukumu kama wenzangu walivyofanya, kwamba waliandika walichotaka. Nikashindwa kuwa mkali kama nilivyopaswa. Bibi yule hakuandika alichotaka. Aliandika alichoambiwa, na aliyemwambia ni mimi. Hapana shaka akina Bombay nao walikuwa na siku zao, walipotazama pande zote mbili wakapima ni nini kivuke na ni nini kibaki.

Rusumo ya leo imebadilika. Kuna daraja jipya lililojengwa kwa msaada wa Japani, na kituo cha umeme cha megawati 80 ambacho Tanzania, Rwanda na Burundi wanakimiliki kwa pamoja. Malori yanapita usiku na mchana. Upande wa Biharamulo, pori tulilokuwa tukiliogopa kwa majambazi limekuwa sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato tangu 2019, na watalii wanakuja. Watahitaji watu wa kuwaeleza habari, na huenda baadhi yao watakuwa ninyi mnaosoma hapa shuleni sasa.

Mwaka 2009, nikiwa nimekwenda Mabawe kwa msiba, nilimtembelea mzee. Alikuwa haoni vizuri tena, na ile miwani ya mwaka 1997 ilikuwa imefungwa kwa uzi. Nilimwambia nilichokifanya siku ile. Alicheka kidogo. Alijua, neno "maji" kwa Kiingereza alilifahamu, na alishangaa kulisikia likija mapema vile. Nikamwomba arudie habari yote, nikaiandika kama alivyoisema, na ndivyo nilivyoiweka hapa juu. Aliongeza jambo moja ambalo siku ile hakulisema. Baada ya yule kijana kwenda, alikisuuza kile kibuyu mtoni, kisha akakumbuka mto ule umebeba nini, akakivunja.

Aliniuliza kama wale wazee wawili bado wako hai. Nikamjibu kuwa barua zilikoma zamani. Akasema, basi, kama ni hivyo, niiandike kwa Kiswahili.