Mageuzi ya Sura ya Wikipedia na Kauli ya Wahariri wa Toleo la Kiswahili

Nyumba ya ushirika haibadilishwi mlango pasi na wakaaji wake kusema neno. Kanuni hii, ambayo ni ya zamani katika maisha ya watu, imejitokeza upya katika historia fupi ya tovuti zinazojengwa na jumuiya za watu wanaojitolea. Makala haya yanakusudia kuchunguza kisa kimoja kinachowahusu wasemaji wa Kiswahili moja kwa moja, nacho ni mabadiliko ya sura ya Wikipedia yaliyotangazwa mwanzoni mwa mwaka wa 2023, na jinsi yalivyopokewa.

Wikipedia ilianzishwa na Jimmy Wales na Larry Sanger tarehe 15 Januari 2001. Neno wiki lilikuwa limekwisha kutumiwa na Ward Cunningham tangu mwaka wa 1995. Alilitoa katika lugha ya Kihawaii, ambamo lina maana ya haraka. Kwa sadfa tu, Waswahili walikuwa nalo neno la umbo hilohilo kwa maana ya juma. Toleo la Kiswahili lilifunguliwa mwaka wa 2003. Kukua kwake kulitegemea mikono michache ya watu wasiolipwa, ingawa mara mojamoja juhudi hizo ziliongezewa nguvu kutoka nje, kama katika shindano la uandishi ambalo kampuni ya Google iliwaandalia wanafunzi wa vyuo vikuu vya Kenya na Tanzania kuanzia mwaka wa 2009.

Sura ya Wikipedia haikudumu hali moja. Mwaka wa 2004 ililetwa sura iliyoitwa MonoBook. Mwaka wa 2010 ikafuatwa na Vector. Katika mabadiliko haya ya pili, kisanduku cha kutafutia kilihamishwa kutoka ubavu wa kushoto kikawekwa juu upande wa kulia, na orodha ya lugha nyingine ikakunjwa ili ukurasa uonekane mwepesi. Hoja ya wabunifu ilikuwa kwamba wasomaji walioibonyeza orodha hiyo walikuwa wachache mno. Wapinzani walijibu kuwa faida ya orodha haipimwi kwa kubonyezwa peke yake: hata asiyeibonyeza huiona, na kwa kuiona hujua kwamba elimu ileile yaweza kusomwa katika lugha nyingine. Orodha ikafunuliwa tena mwaka huohuo. Kwa mwanaisimu, tukio hili lina uzito usiolingana na udogo wake. Hesabu inayofanywa katika toleo la lugha kubwa hupima haja za wasemaji wa lugha kubwa. Ilhali kwa lugha ndogo orodha ile ni mlango wa kuingilia, na mara nyingine ndiyo tangazo la pekee kwamba lugha hiyo ipo.

Mwaka huohuo wa 2010 ulitoa funzo lingine, kali zaidi. Tovuti ya Digg, ambamo wanachama walipendekeza habari na kuzipigia kura, ilibadilishwa kwa ghafla mwezi wa Agosti. Uwezo wa wanachama wa kuzizamisha habari wasizozitaka uliondolewa, na wachapishaji wakubwa wakapewa njia ya kuingiza habari zao wenyewe. Wanachama walilipiza kwa kuujaza ukurasa wa mbele viungo vya mshindani wao, Reddit, kisha wengi wakahamia huko. Mwaka wa 2012 Digg iliuzwa kwa kiasi kilichotajwa kuwa dola 500,000 hivi. Ni dhahiri kwamba kilichowaudhi watu hawa hakikuwa rangi wala umbo la herufi. Kilichobadilishwa kilikuwa mamlaka.

Sura mpya ya Wikipedia, iliyoitwa Vector 2022, ilitayarishwa na Wakfu wa Wikimedia wenye makao yake San Francisco. Haikuja kwa ghafla. Matoleo machache, likiwemo la Kifaransa, yalianza kuijaribu tangu mwaka wa 2020. Yaliyomo yalihamishiwa ubavuni ili yamfuate msomaji anaposhuka. Upana wa mistari ukapunguzwa. Na orodha ya lugha ikaondolewa kando ikawekwa chini ya kitufe kimoja juu ya ukurasa. Toleo la Kiingereza lilivikwa sura hiyo tarehe 18 Januari 2023. Wengi walilalamikia weupe mtupu uliobaki pande mbili za maandishi. Mwenye akaunti aliweza kuirudisha sura ya zamani kwa matumizi yake. Msomaji wa kawaida hakupewa hiari hiyo.

Katika toleo la Kiingereza rai zilitofautiana, na sura mpya ikabaki. Katika toleo la Kiswahili wahariri walipiga kura kwa kauli moja kutaka mabadiliko yatenguliwe. Yamkini wapo watakaosema kwamba hayo ni mazoea tu, na kwamba kila kipya huchukiwa kabla ya kuzoewa. Hoja hiyo ina ukweli, lakini haitoshi. Umoja wa kauli katika jumuiya yenye wahariri wachache si jambo dogo, maadamu wachache hao ndio wanaoibeba kazi yote: wakiondoka, hakuna wa kushika nafasi zao. Kwa upande mwingine, haki yataka isemwe kuwa wasomaji, ambao ni wengi kuliko wahariri, hawakuwamo katika kura hiyo.

Historia ya Kiswahili yenyewe imewahi kuliona jambo la namna hii. Mkutano wa Mombasa wa mwaka wa 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa lugha sanifu, na Kamati iliyoundwa mwaka wa 1930 ikatwaa kazi ya kusimamia tahajia na vitabu. Usanifishaji ule ulileta manufaa makubwa ya elimu na uchapishaji. Hata hivyo manung'uniko ya watetezi wa Kimvita yalidumu kwa miongo mingi, na kiini chake hakikuwa sarufi peke yake: wenye lugha waliona kuwa jambo lao limeamuliwa na wengine.

Kwa hiyo, kura ya mwaka wa 2023 isichukuliwe kuwa ni ubishi wa watu wachache juu ya umbo la ukurasa. Inauliza swali la kale: mwenye kujenga kwa jasho lake bila ya ujira ana sauti gani mbele ya mwenye kiwanja? Wataalamu wa lugha za Kiafrika wana wajibu wa kulishughulikia swali hilo wakiwa ndani, yaani kwa kuandika na kuhariri katika toleo hilo, kwani anayebaki nje ya nyumba hana neno juu ya mlango wake.