Mwinuko, Mvua na Kabureta: Historia ya Ufundi wa Magari katika Nchi ya Chai

Ufundi wa magari katika maeneo ya chai ya Kericho na Bomet ulikua pamoja na zao lenyewe, kwa kuwa jani bichi likikaa muda mrefu ndani ya gunia hupata joto na kuharibika kabla ya kufika kiwandani. Mashamba makubwa yaliyoanzishwa na Brooke Bond na James Finlay katika miaka ya 1920, juu ya ardhi waliyonyang'anywa Wakipsigis, yalitegemea barabara za udongo, na utegemezi huo ulienea vijijini baada ya Mamlaka ya Maendeleo ya Chai ya Kenya kuundwa mwaka 1964, wakulima wadogo wa Litein, Kapkoros na Tirgaga walipopeleka majani yao katika vituo vya kukusanyia ili yachukuliwe na malori.

Magari ya petroli ya enzi hiyo yalitumia kabureta, yaani chombo kinachochanganya petroli na hewa kabla hazijaingia katika injini. Kericho iko takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa karibu sehemu moja kwa tano kuliko ilivyo Mombasa, kwa hiyo gari lililorekebishwa pwani likipanda huku hupata petroli nyingi kupita kiasi kwa hewa iliyopo: plagi huingia masizi, injini huzimika ikiwa katika mwendo wa chini, na petroli isiyoungua hulipukia ndani ya ekzosi. Mafundi walijifunza kutofautisha mlipuko huo na ule unaorudi kupitia kabureta, ambao mara nyingi huashiria uhaba wa petroli au cheche inayotoka kabla ya wakati wake. Mvua nayo, ambayo mjini Kericho hukaribia milimita 2,000 kwa mwaka, iliwafundisha kufungua kwanza kifuniko cha distribyuta, chombo kinachogawia plagi umeme, na kukikausha, kwa sababu unyevu humo huvujisha umeme kabla haujazifikia.

  

Kenya ilipozuia uagizaji wa magari yenye umri wa zaidi ya miaka minane, yale yanayopulizia petroli kwa maelekezo ya kompyuta yalichukua nafasi ya magari ya kabureta. Kompyuta hiyo hupima hewa yenyewe na kupunguza petroli gari linapopanda, hivyo marekebisho ambayo fundi wa Kericho aliyafanya kwa bisibisi na sikio yamehamia ndani ya mtambo. Kilichotoweka katika ufundi huo ni ile sehemu iliyofundishwa na mwinuko wa mahali, ambayo ndiyo iliyomtenga fundi wa nchi ya chai na mwenzake wa pwani.