Mabaka, Kinga na Ukingo

Mwanzoni mwa miaka ya 1920 magari ya rangi mbili yalikuwa fasheni nchini Marekani, na mafundi rangi waliyachukia. Ili kupata mstari safi kati ya rangi ya juu na ya chini, walibandika magazeti na karatasi za bucha kwa gundi, wakapuliza rangi ya pili, kisha wakabandua. Mara nyingi karatasi ilitoka na rangi ya kwanza, kazi ikaanza upya. Richard Drew, kijana wa maabara katika kampuni ya 3M, ambayo wakati huo biashara yake ilikuwa msasa, alikwenda kwenye gereji moja mjini St. Paul kujaribisha msasa mpya, akawakuta mafundi wanalaani. Akawaahidi kuwatafutia dawa. Mwaka 1925 dawa ikapatikana: utepe wa karatasi wenye gundi inayoshika bila kung'ang'ania.

Utepe huo umeenea gereji za dunia nzima. Ukipita Gerezani jijini Dar es Salaam au Grogan jijini Nairobi utaukuta umezunguka taa, vioo na vitasa vya milango, na fundi akiulizwa atajibu bila kusita kwamba ni maskingi tepu. Lakini upo pia mezani kwa watu wengine kabisa: wale wanaounganisha ndege ndogo za plastiki, nakala halisi ya ndege zilizoruka vitani, zilizopunguzwa kwa skeli ya 1:72 au 1:48. Hao hukata utepe wa upana wa milimita 6, pengine mwembamba zaidi, ili kupaka rangi tatu au nne kwenye bawa lisilozidi kiganja. Kazi hiyo Waingereza huiita kwa neno lililotokana na kinyago. Kwa Kiswahili iitweje?

Njia fupi ni kufungua kamusi na kuchukua neno la kwanza. Hapo mfasiri atakutana na kinyago na barakoa. Barakoa ni neno kongwe la pwani. Kabla ya mwaka 2020 kulifanya liwe kitambaa cha kuzuia virusi, lilikuwa vazi la usoni la mabibi wa Kiarabu wa Unguja na Oman. Kinyago nacho ni cha mchongaji na mcheza ngoma. Maneno yote mawili ni mazuri, na yote mawili hayafai hapa. Anayevaa barakoa anaficha sura ili isionekane. Fundi anayebandika utepe kwenye bawa hana haja ya kuficha kitu. Anailinda rangi iliyokwisha kukauka isiguswe na rangi inayokuja. Ukimwambia Mswahili kwamba ndege imevishwa barakoa, atacheka, na atakuwa na haki.

Kitenzi kinachofaa tunacho tangu zamani: kukinga.

Uzuri wa kukinga ni kwamba kina pande mbili, na zote mbili zinahusika. Mtu hujikinga na mvua au jua, yaani huweka kitu kati yake na kinachomjia. Na mtu hukinga maji ya mvua kwa ndoo chini ya paa, yaani huyapokea yasimwagike ovyo. Utepe juu ya bawa hufanya yote mawili kwa wakati mmoja. Unaizuia rangi mpya isifike chini, na unaipokea mgongoni mwake, ikakae huko mpaka utakapobanduliwa na kutupwa. Wataalamu wa tiba wamekwisha kukitumia kitenzi hiki walipounda neno kingamwili, na hakuna aliyelalamika kwamba halieleweki. Basi kazi ni kukinga, kifaa ni kinga, na maskingi tepu ni utepe wa kinga. Ule utomvu wa mpira unaopakwa kwa brashi kwenye vioo vidogo vya chumba cha rubani, kisha ukikauka ukavutwa kama ngozi ya chungu cha ugali, ni kinga ya majimaji.

Kuna zawadi nyingine ndani ya neno hilo. Shina lililotoa kinga ndilo lililotoa ukingo: ukingo wa mto, ukingo wa meza, ukingo wa kitambaa. Na lengo la kukinga kwenye modeli ni hilo hasa, kupata ukingo kati ya rangi na rangi. Kiswahili kimeweka kitendo na matokeo yake katika shina moja.

Msomaji asiyewahi kushika modeli anaweza kuielewa kazi hii kupitia batiki. Mama anayetengeneza batiki huyeyusha nta, akagonga muhuri wa mbao au wa sponji kwenye kitambaa cheupe, kisha akakitumbukiza kwenye rangi ya manjano. Palipo na nta hubaki peupe. Anagonga nta tena juu ya manjano anayotaka kuyahifadhi, anatumbukiza kwenye rangi nzito zaidi, na kuendelea hivyo hadi rangi ya mwisho, iliyo nzito kuliko zote. Nta hutolewa kwa maji ya moto, na picha nzima hujitokeza kwa mara moja. Fundi wa modeli anafuata mpango huohuo: rangi nyepesi kwanza, nzito mwisho, na kila hatua inakingwa kabla ya hatua inayofuata.

Tofauti iko kwenye nyufa. Nta ikipasuka, rangi hupenya na kuacha mishipa myembamba, na hiyo ndiyo sahihi ya batiki njema. Rangi ikipenya chini ya utepe kwenye modeli, ni hasara. Mafundi wazoefu wana hila ya kuizuia: baada ya kubandika utepe, hupuliza kwanza rangi ileile iliyo chini yake kwenye ukingo wa utepe. Kama kuna upenyo, unazibwa na rangi isiyoonekana, kwa kuwa ni moja na ya chini. Ndipo hupuliza rangi mpya. Utepe ukibanduliwa kwa kukunjwa nyuma juu yake wenyewe, polepole, mstari unatoka kama umekatwa kwa wembe.

Sasa kwenye rangi zenyewe. Jeshi lina neno la kuficha vitu kwa rangi ambalo lugha nyingi zimelikopa kutoka Kifaransa, camouflage. Lilivuma wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, pale jeshi la Ufaransa lilipoanzisha mwaka 1915 kitengo cha wachoraji wa kuficha mizinga na vituo vya kuchungulia adui, mmoja wa viongozi wake akiwa mchoraji Lucien-Victor Guirand de Scévola. Wasemaji wa Kiswahili wamelipokea kwa namna mbili. Wapo wanaosema kamafleji. Na wapo, hasa Tanzania, wanaosema mabaka au mabakabaka, wakimaanisha magwanda ya askari. Kwa raia neno hilo si la mchezo: Agosti 2023 Jeshi la Wananchi wa Tanzania lilitoa siku saba kwa wenye mavazi yanayofanana na sare zake kuyasalimisha.

Je, mabaka yatosha kuwa istilahi? Yatosha nusu. Mfano wa kuyapima ni jodari. Mgongo wake ni wa buluu nzito inayokaribia weusi, tumbo lake jeupe la fedha. Anayemtazama kutoka juu anaona giza la kina cha bahari. Anayemtazama kutoka chini anaona mwanga wa jua. Mchoraji wa Kimarekani Abbott Thayer aliieleza kanuni hii ya wanyama mwaka 1896, na wavuvi wa pwani walikuwa wakiiona kila walipopandisha jodari mtumbwini. Ndege za vita zimeiga hasa hivyo: juu nzito, chini nyepesi. Lakini jodari hana baka hata moja. Kwa hiyo dhana pana ya kujificha inahitaji jina pana, na rangi za maficho linatosha. Mabaka yabaki kuwa jina la aina moja ya rangi hizo, ile ya viraka vikubwa visivyo na umbo maalumu, vinavyovunja sura ya kitu ili jicho lisiunganishe pua, bawa na mkia.

Na aina nyingine? Hapo msamiati wa wafugaji na wawindaji unasaidia, kwa kuwa Kiswahili hakichanganyi ngozi za wanyama. Chui ana madoa. Twiga ana mabaka. Pundamilia ana milia. Ndege za Kijerumani za Messerschmitt Bf 109 zilipopulizwa alama ndogo ndogo ubavuni kuanzia 1940, zilikuwa za madoadoa, si za mabaka. Na ndege za Washirika zilizovuka kwenda Normandy Juni 1944 zilipakwa milia, mitano kila upande, mitatu myeupe na miwili myeusi. Milia hiyo haikuwa ya maficho hata kidogo. Ilipakwa ili wapiga mizinga wa Washirika wasiwatungue wenzao. Kwenye ndege za injini moja kila mlia ulikuwa na upana wa inchi 18, yaani sentimita 45.7. Kwenye modeli ya 1:72 hiyo ni milimita 6 na theluthi, karibu sawa na utepe mwembamba unaouzwa dukani, ila si sawa kabisa, na fundi anayeubandika bila kupima huishia na milia myembamba kuliko inavyopaswa.

Mtihani mkubwa wa mabaka ni F-4 Phantom II ya Vietnam. Ndege hii iliruka mara ya kwanza Mei 1958, na zaidi ya 5,000 zilitengenezwa. Kabla ya katikati ya miaka ya 1960, baadhi ya ndege za Kikosi cha Anga cha Marekani, kama F-105 Thunderchief, ziliruka juu ya misitu ya Vietnam zikimeta rangi ya fedha. Kuanzia 1965 zikaanza kupakwa mpango wa rangi nne, tatu juu na moja chini. Kila rangi ilikuwa na namba katika orodha ya serikali ya Marekani iliyotolewa mwaka 1956: mchanga 30219, kijani cha kati 34102, kijani kizito 34079, na kijivu chepesi cha tumbo 36622.

Namba hizo hazikubahatishwa. Tarakimu ya kwanza inaeleza mng'ao: 1 inang'aa, 2 inang'aa nusu, 3 haing'ai. Ya pili inaeleza ukoo: 0 ni kahawia, 4 ni kijani, 6 ni kijivu. Tatu za mwisho kwa kawaida hupanda kadiri rangi inavyokuwa nyepesi, ndiyo maana 34079 ni nzito kuliko 34102. Kiswahili nacho kina utaratibu wake wa kutaja ukoo wa rangi, kwa kutazama mahali zinapotoka: kijani ni jani, kijivu ni jivu, kahawia ni kahawa. Phantom ya Vietnam ilivaa majani, majivu na mchanga, na ukiitazama kwa jicho hilo unaelewa mara moja ilikusudiwa ijifiche wapi.

Shida yake kwa fundi wa modeli ni ukingo. Mabaka ya Phantom yalipulizwa kwa mkono, na pale baka linapokutana na baka rangi zilichanganyika kidogo, kama moshi. Tuseme ukungu huo ulikuwa na upana wa sentimita 5 kwenye ndege yenyewe. Kwenye 1:48 ni milimita moja. Kwenye 1:72 ni robo tatu ya milimita au pungufu. Utepe uliobandikwa sawasawa hutoa ukingo mkali, na ukingo mkali kwenye Phantom ni uongo. Kupuliza kwa mkono mtupu bila kinga yoyote hutoa ukungu mpana mno, ambao ukikuzwa mara 48 ungekuwa wa nusu mita.

Suluhisho ni kinga iliyoinuliwa. Fundi huchukua ile gundi laini ya kubandikia chati ukutani, inayofanana na bigijii iliyotafunwa, akaifinyanga kuwa vinyoka vyembamba na kuvilaza juu ya mipaka ya mabaka. Eneo linalobaki nyuma yake hufunikwa kwa karatasi au utepe. Kwa kuwa kinyoka ni cha mviringo, tumbo lake tu ndilo linalogusa bawa. Rangi huingia kidogo chini ya ubavu wake na kufifia. Huo ndio ukingo mwororo. Wengine hukata patani za karatasi, kama za fundi cherehani, wakaziinua milimita moja au mbili kwa vipande vya gundi hiyohiyo. Katika njia zote mbili kalamu ya kupulizia rangi lazima isimame wima juu ya modeli. Ikiinamishwa kuelekea chini ya kinga, ukungu hupanuka. Ikiinamishwa upande wa pili, ukingo hukazwa na kuacha kituta cha rangi ambacho kidole hukihisi hata baada ya vanishi.

Anayeandika maelekezo kwa Kiswahili basi ana vifaa vya kutosha bila kukopa: rangi za maficho kwa dhana nzima, madoa, mabaka na milia kwa aina zake, kukinga kwa kazi, kinga na utepe wa kinga kwa vifaa, ukingo mkali na ukingo mwororo kwa matokeo. Maskingi tepu libaki gereji, linakofanya kazi yake vizuri.

Phantom ya rangi nne hukingwa mara tatu: kijivu cha tumbo kabla ya mchanga, mchanga kabla ya kijani cha kati, na kijani cha kati kabla ya kijani kizito. Kioo cha rubani, kilichokingwa kabla ya rangi zote, hufunguliwa mwisho wa yote.